Maziwa ya Mlinzi wa Usiku

Ukitaka kumjua Kasiva, usianze na uso wake. Anza na sindano. Pale sokoni Voi, upande wa viungo, alikuwa na sindano ya kushonea aliyoichomeka kwenye ukingo wa kilemba, na kila kungumanga iliyopita mikononi mwake aliidunga mbele ya mteja. Kitundu kikilowa mafuta, hiyo ni nzima, chukua uende. Kikitoa vumbi, anaitupa kwenye ndoo ya takataka, na ukimbembeleza akuuzie hivyo hivyo anakuuliza kama nyumbani kwenu mnakula vumbi. Alikuwa na mdomo, Kasiva. Watu walimpenda hivyo hivyo.

Kazi ile alifundishwa na mama mmoja wa Kiswahili wa Kaloleni aliyekuwa akipika pilau za harusi, na Kasiva, msichana wa Kikamba ambaye wazazi wake walihamia Voi kutafuta riziki, alikuwa akimwoshea masufuria. Ni yule mama aliyemwonyesha kwamba kungumanga haitupwi chunguni kama chumvi. Kwenye pilau inaingia mwisho mwisho, moto ukiwa umepungua. Kwenye chai ya maziwa inafuata nyuma ya tangawizi. Kwenye maandazi inakwaruzwa juu ya unga ungali mkavu. Tumbo likijaa gesi, koroga kidogo kwa maji ya moto. Magoti yakiuma, pasha unga wake na mafuta ya nazi, usugue. Na mtu akikosa usingizi, mtilie chembe kwenye kikombe cha maziwa ya moto, anywe, alale.

Kisha yule mama akaongeza jambo moja. "Kungumanga ni mgeni, mwanangu. Akija mmoja, nyumba huchangamka. Wakija kumi, mwenye nyumba hulala nje."

Kasiva aliyashika maneno hayo, ila hakuwahi kuyasema mezani pake. Nani aliwahi kumwona muuzaji akimwambia mteja apunguze? Yeye alikuwa na wimbo wake mwingine, na soko zima liliujua. "Kungumanga, mama! Inalaza hata askari wa zamu!"

Watu walicheka kwa sababu askari mwenyewe walimjua. Alikuwa mumewe.

Mwangangi alilinda stoo ya shamba la mkonge tangu ujana hadi mvi, usiku baada ya usiku, koti zito mwilini na tochi mkononi. Mchana alilala kitini, kofia imefunika uso, na bintiye Valentine alikua akijua kwamba baba ni mtu wa kupitwa kwa kunyata. Alipostaafu, mwili ulikataa kabisa kujua kwamba kazi imekwisha. Jua likizama, macho yanafunguka. Basi akawa anachukua kigoda chake na kuketi mlangoni pa nyumba yao ya Birikani, analinda kuku watatu na tangi la maji.

"Baba Vale, njoo ulale," Kasiva humwambia. "Tangu tuhamie hapa hatujaona mwizi."

"Hamjamwona kwa sababu niko hapa."

Alikuwa na kanuni moja aliyoitoa kazini. Mlinzi wa usiku huishi kwa vikombe vya watu. Mke wa huyu anampitishia uji, dereva wa yule anamwachia chai, mwingine kahawa iliyopoa, na yote hunywewa. Awe ameshiba, awe hakipendi, Mwangangi alipokea kwa mikono miwili akamaliza. "Anayekataa kikombe haletewi kingine," alisema. Hata kwenye harusi alikunywa kila alichopewa, Kasiva akiona aibu pembeni.

Mwaka juzi, wakati wa kiangazi, kiharusi kilimwangusha hapo hapo mlangoni. Upande wa kulia ukafa. Mdomo ulipinda kidogo, maneno yakawa yanatoka polepole, na daktari akampa dawa za presha za kumeza maisha yake yote. Sasa hakuweza tena kukaa na kigoda chake. Alilala kitandani usiku kucha macho wazi, akisikiliza mbwa wa jirani, akimwambia mkewe ni nani amepita nje na anaelekea wapi.

Hapo ndipo Kasiva alipoanza kumpa kikombe cha jioni. Maziwa ya moto, sukari kidogo, na kungumanga kiasi cha kushikwa na ncha za vidole viwili, aliyoikwaruza kwenye kibati chake cha matundu ya msumari. Mwangangi akalala. Si sana, lakini alilala, akakoroma, na Kasiva akakaa kando yake akilia kwa furaha kwa sababu mlio ule hakuwahi kuusikia usiku. Kesho yake alilitangazia soko zima. Aliwaambia kina mama wa kanisa. Alimwambia wifi yake Mutindi, dada wa Mwangangi, na jirani yake Elsie, Mtaita wa Chawia aliyeolewa Birikani na kuja na ng'ombe wake wa maziwa. Kila mtu akajua kwamba kungumanga ya Kasiva imemlaza askari kweli.

Halafu, kama ilivyo desturi ya dawa, mwili ukaizoea. Ukaja wakati hakulala wiki nzima. Macho yalikuwa mekundu, mikono inatetemeka, na asubuhi moja Kasiva alipokuwa akimfuta uso, Mwangangi, ambaye hakulia hata alipowazika wazazi wake, alianza kutokwa na machozi.

"Nimechoka kulinda, Mama Vale," akasema.

Kasiva alimfuta machozi kwa kitambaa kile kile.

Siku iliyofuata ilibidi aende Mombasa kuchukua mzigo, maana meza ilikuwa imebaki na mdalasini mtupu. Hakutaka kumwacha peke yake. Akamwomba Mutindi amwangalie asubuhi, Elsie ampitie mchana, na Wakesho, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa, aje kumwombea alasiri. Wote watatu aliwaambia neno lile lile: hajalala wiki nzima, jamani, nihurumieni mume wangu.

Ni kosa la watu wenye mapenzi, na pengine la watu wa kwetu tu. Kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu, na alicholetewa hakiwekwi kabatini. Ananyweshwa na aliyekileta, kwa mkono wake, akimtazama. Mgonjwa haulizwi uji.

Mutindi alikuja na thamosi. Alikuwa amekwaruza nusu ya kungumanga ndani yake, kwani ni kaka yake, atampimiaje kwa ncha za vidole kama mtoto mchanga? Mwangangi akanywa. Mchana Elsie akaja na maziwa ya ng'ombe wake, mazito, yenye kungumanga hadi yamebadilika rangi. Mwangangi akanywa. Alasiri Wakesho akaomba sala ndefu, akamkemea shetani wa kukosa usingizi kwa jina, kisha akafungua thamosi yake. Naye pia alikuwa amenunua kungumanga kwa Kasiva, ile nzima yenye mafuta. Mwangangi akapokea kwa mkono wake mmoja mzima na akamaliza.

Hakuna aliyemwambia mwenzake. Kila mmoja alitaka moyoni mwake usingizi wa Mwangangi uwe kazi ya mkono wake, na akija kusimuliwa sokoni atajwe yeye. Manahodha wakiwa wengi chombo huenda mrama, na hawa hata hawakujua kwamba chombo ni kimoja.

Kasiva alirudi jioni, mgongo unamuuma, nguo zinanuka karafuu. Alimkuta Mutindi amerudi kukaa na mgonjwa. Mwangangi alikuwa macho, uso umemwiva kidogo, akilamba midomo. Kasiva akaenda jikoni moja kwa moja, hata kilemba hakukifungua.

"Nimekunywa leo, Mama Vale," Mwangangi alisema alipoona kikombe.

"Kunywa na cha mkeo."

Akamtazama. Kasiva atalikumbuka jicho lile mpaka aingie kaburini. Kisha Mwangangi akafungua mdomo, na mkewe akamnywesha mpaka tone la mwisho.

Vyombo vya chakula cha jioni vilikuwa havijaoshwa alipoanza kuhema. Moyo ulikuwa ukimpiga hadi shati linacheza. Alitaka maji, akipewa anasema hayafiki kooni. Akaanza kuzungumza na mlango. Alikuwa akimwona Nzau, mlinzi mwenzake aliyekufa zamani, amesimama pale akidai funguo za stoo, na Mwangangi anamwambia asubiri, zamu haijaisha. Mutindi alipiga yowe. Elsie akaja mbio na tuktuk ya shemeji yake, wakambeba kama gunia mpaka hospitali.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alipima, akasikiliza kifua, akasema huenda ni kiharusi cha pili, au huenda ni moyo. Akauliza, "Amekula nini leo? Amekunywa nini?"

"Maziwa tu, daktari," Wakesho akajibu. Yeye naye alikuwa amefika, Biblia kwapani.

"Maziwa tu," Elsie akaitikia.

Kasiva akainama kumfunika mumewe shuka, na pumzi yake ikampiga usoni. Pua ile ilikuwa imefanya kazi maisha yake yote. Kile hakikuwa kikombe kimoja. Akainua uso akamtazama Elsie, na Elsie akatazama ndala zake. Akamtazama Mutindi, na Mutindi akafunika mdomo kwa leso. Daktari akaenda kumwona mgonjwa mwingine, akisema atarudi.

Wanawake wanne wakabaki kwenye korido.

"Wewe ulimpa?" Kasiva akamwuliza wifi yake.

"Nilimpa."

"Nami," Elsie akasema kwa sauti ya chini. "Na wewe Mama Wakesho?"

Wakesho alikuwa ameshapiga hesabu. "Tusikilizane," akasema. "Tukitamka kwamba tumemnywesha kitu, kesho Birikani nzima itasema nini? Watasema tumemroga. Wakamba watasema ni Wataita, Wataita watasema ni mke. Kanisa litaingia kwa mdomo wa watu. Maziwa ni maziwa. Tumwachie Mungu na daktari."

Na hapa sitamsafisha Kasiva, kwa sababu yeye mwenyewe hajisafishi. Alinyamaza. Aliona meza yake sokoni, akaona watu wakiipita kwa mbali. Aliwaona hawa watatu waliomfulia mumewe nguo, watanyooshewa vidole. Alikaa kwenye benchi akishika sindano yake iliyokuwa bado kwenye kilemba, akiizungusha, wakati ndani mumewe anabishana na Nzau kuhusu funguo. Alinyamaza mpaka daktari alipomaliza wagonjwa wake wengine na kurudi, akiwa na nia ya kumtuma Mwangangi hospitali nyingine kupigwa picha ya kichwa.

"Ni kungumanga," Kasiva akasema, akasimama. "Amenyweshwa nyingi. Mikono minne. Wa mwisho ni wangu, na hawa wote mimi ndiye niliyewafundisha. Sikuwaambia mwisho wake."

Daktari hakumgombeza. Ingekuwa afadhali angemgombeza. Alisema hakuna dawa ya kuitoa, ni kumtilia maji, kuuchunga moyo na kungoja imwishe mwilini. Wakangoja. Kesho yake mchana Mwangangi alirudi kwenye akili yake, akaomba uji. Lakini moyo haukurudi ulivyokuwa. Kasiva alimfuata daktari mlangoni, akamwuliza kama ni zile kungumanga, au ni kule kukaa kwake kimya kwenye benchi.

"Mama, moyo wake ulikuwa umechoka kitambo," daktari akasema. "Siwezi kukwambia ni hii au ni ile."

Hilo ndilo jibu alilorudi nalo nyumbani, na mpaka leo analo.

Maneno hayakuchukua muda kutoka. Ulimi hauna mfupa, na korido ya hospitali ina masikio. Wengine walisema Mutindi alitaka shamba la kaka yake. Wengine walisema Elsie alileta kitu kutoka milimani. Kanisani Wakesho alivuliwa uenyekiti kwa maneno matamu ya kumpumzisha. Tangu siku hiyo Elsie hakumwamkia Kasiva. Alipitisha ng'ombe wake njia ya nyuma. Kilichomuumiza Kasiva zaidi ni kwamba hakuweza kumlaumu.

Mwangangi hakuambiwa. Alilala pale, anasikiliza lango. Jioni zilipita bila mtu.

"Wenzangu wa zamu wameenda wapi?" akauliza siku moja. "Vikombe vimekatika."

"Wana kazi, Baba Vale."

"Nilikataa cha nani?"

Kasiva akatoka nje akalia nyuma ya tangi la maji, akiwa amejiziba mdomo kwa kanga. Kisha akaingia jikoni, akamchemshia maziwa matupu. Mwangangi alionja, akamtazama.

"Leo umesahau kutia."

"Sijasahau."

Mwangangi alikunywa akamaliza.

Mwezi haukuisha. Alasiri moja yenye joto alitaka kukaa kitini, dirishani, na kofia yake ya kazi. Kasiva akamkalisha, akamvika. Alipotoka kuanua nguo na kurudi alimkuta amefunika uso kwa kofia kama zamani, kichwa kimeegemea ukuta. Amelala. Mchana, kama alivyozoea. Kasiva alifurahi sana moyoni, akaanza kunyata, akaondoa sufuria jikoni ili isije ikagonga kitu, akawafukuza kuku mlangoni kwa ishara ya mkono. Alinyata hivyo mpaka jua lilipoanza kushuka, ndipo alipokwenda kumwamsha ale.

Valentine alikuja kutoka Nairobi na macho yaliyovimba. Alimkumbatia mamake, akalia naye, kisha akasema lile lililokuwa likimkaba. "Lakini Mum, nani anapea mtu wa presha hizo vitu? Si mngeuliza tu hospitali?"

"Tungeuliza," Kasiva akasema.

Siku za matanga, kina mama walipika chai katika sufuria kubwa uani, kama kawaida. Ila kulikuwa na jambo ambalo Kasiva hakuwahi kuliona nyumbani kwake. Aliyemimina chai alionja kwanza, mbele ya macho ya watu, kabla ya kumpa mtu kikombe. Desturi hiyo ni ya zamani, ya kuonyesha kinywaji hakina kitu, na hufanywa mahali penye shaka. Wengine hata hivyo walisema wameshiba, wakanywa soda za chupa walizofungua wenyewe. Mwenye msiba alikaa kwenye mkeka akiona yote. Wakamzika Mboghoni, kwenye shamba la ukoo, na watu wakatawanyika mapema.

Kasiva alirudi sokoni. Kina mama wa mbali wasiojua habari wanaendelea kununua, nao siku hizi wanapata maswali kabla ya bidhaa. Mteja akisema anataka kungumanga kwa ajili ya mama yake asiyelala, Kasiva anaidunga kwa sindano, inatoa mafuta, halafu anaishika mkononi bila kuitoa.

"Anakunywa dawa gani? Na ni nani mwingine anayempikia?"

"Kwani inakuhusu nini?" mama mmoja alimjibu juzi, akaenda meza ya pili, ambako hawaulizi.

Ule wimbo wa askari wa zamu hakuna aliyeusikia tena. Na usingizi, tazama dunia ilivyo, umemhama yeye. Jua likizama macho yanafunguka. Anasikiliza mbwa wa jirani, anajua nani amepita nje na anaelekea wapi. Ana kungumanga gunia zima chini ya kitanda, na hajaikwaruza hata moja. Mtaa mzima unajua kwamba halali, maana taa yake inaonekana, na hapo zamani wangekuwa wamemjia na thamosi zao mpaka zikose pa kuwekwa. Hakuna anayekuja.

Basi alasiri moja wiki iliyopita Mutindi akatokea sokoni, akiwa amekonda, thamosi mkononi. Tangu maziko hawakuwa wamekaa pamoja. Akaketi kwenye gunia bila kukaribishwa, kama wifi anavyopaswa kuketi.

"Nimesikia hulali," akasema.

"Nani analala?"

Mutindi akafungua thamosi. Akamimina maziwa kwenye kikombe. "Ni matupu, wifi. Sijatia kitu chochote." Halafu, watu wa meza za jirani wakiwa wamegeuza shingo, akakiinua kile kikombe akaonja mwenyewe, funda la haja, wote waone. Ndipo akakitoa kwa mikono miwili.

Kasiva alikitazama. Ukingoni kulikuwa na alama ya midomo ya dada wa mumewe, mtu aliyekula naye sahani moja tangu ujana. Akapokea kwa mikono miwili. Maziwa yalikuwa ya vuguvugu na hayakuwa na ladha yoyote, wala hakuyataka. Akanywa mpaka chini, akapangusa mdomo na kurudisha kikombe.

"Asante, wifi," akasema. "Kesho ukija, usionje."